"Kinachonitisha ni kwamba haunitishi"

Swali: Shikamoo mwalimu. Kuna kipande cha muziki wa klasiki, Danse macabre (ngoma ya mauti) cha Camille Saint-Saëns, nilichokisikia mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi, na leo nina miaka 34 bado hakijanitoka. Hukisikiliza usiku nikimaliza shughuli, taa nimezima, pengine mara tatu mfululizo. Mume wangu anasema huo ni muziki wa makaburini na mtu aliyetulia hawezi kuupenda kiasi hicho. Mimi nikiusikiliza hutabasamu, na kuna siku hucheka kabisa. Kinachonitisha ni kwamba haunitishi. Je, hili linasema nini kunihusu? Na mwanangu wa miaka 9 ameanza kuuliza mama anasikiliza nini. Nimwekee au nimfiche?

Jibu: Marahaba, dada. Nitaanza na lile ambalo hukulileta kama swali: kwa nini unacheka. Unacheka kwa sababu kipande hicho kinachekesha, na mtunzi alikusudia kichekeshe. Mumeo amesikia jina na dakika ya kwanza, akatoa hukumu. Wewe umekisikia hadi jogoo anapowika mwishoni. Mnabishana kuhusu vitu viwili.

Hebu tukipitie, maana karibu kila ninachotaka kukuambia kimo ndani ya dakika zile saba.

Kinubi kinagonga noti moja, re, mara 12. Ni saa ya mnara, usiku wa manane. Nyuzi nene za chini zinadonolewa kwa vidole, kimyakimya, kama mtu anayenyata. Halafu fidla ya pekee inatoa sauti mbili kwa pamoja zinazokwaruzana vibaya mno, tena na tena. Huyo ni Mauti, amekaa juu ya kaburi, anajaribu nyuzi zake kabla ya kuanza kupiga. Filimbi inaleta lahani ya kwanza, nyepesi, ya kurukaruka. Fidla inajibu kwa lahani ya pili inayoteremka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi za handaki. Kisha zilofoni, ile jamaa ya marimba, inagongagonga mifupa. Wafu wameamka na wanacheza.

Ngoja nikae kidogo kwenye ile fidla, kwa sababu hapo ndipo mumeo aliposhtuka, na alishtuka kwa haki yake. Nyuzi nne za fidla hufungwa sol, re, la na mi. Saint-Saëns anamwagiza mpigaji alegeze ule wa mi kwa nusu toni. Kwa kulegeza huko tu, ule umbali mtulivu kati ya la na mi unavunjika na kuwa umbali wa toni tatu, ambao ndani yake sikio halipati pa kutua. Angeweza kuandika noti hizo hizo kwa fidla iliyofungwa kawaida, vidole vikazitafuta. Hakutaka. Alitaka zitoke kwenye nyuzi tupu, zisizobanwa na kidole, maana uzi mtupu una sauti ya ukali usio na huruma. Niliwahi kukipiga nikiwa mwanafunzi, na nakumbuka usumbufu wake: karatasi inasema hivi, kidole kinajua vingine, na uzi uliolegezwa hautulii, kila mara unataka kurudi ulikozoea. Mpigaji mwenyewe anakuwa na wasiwasi wa kweli mikononi. Nadhani na hilo linasikika.

(Utakutana na watu watakaokuambia kwamba Kanisa la zama za kati liliupiga marufuku umbali huo na kuwaadhibu waliouthubutu. Hadithi tamu, lakini hakuna hati inayoonyesha hivyo. Walimu waliukwepa kwa kuwa ni mgumu kuuimba, na ule msemo wa Kilatini unaouita shetani ndani ya muziki tunaukuta kwenye vitabu vya mwanzoni mwa karne ya 18, ukiwa onyo kwa wanafunzi wa utunzi.)

Sasa angalia mchezo wenyewe ulivyo. Hawa wafu wanacheza walsi. Katika Paris ya miaka ya 1870, walsi ilikuwa ngoma ya kumbi za watu waliojipamba, wanaume kwa koti na wanawake kwa gauni la kuburuza. Saint-Saëns amechukua ngoma ya walio juu akawapa mifupa. Alianza na wimbo wa sauti na piano mwaka 1872, kwa shairi la Henri Cazalis. Huyo Cazalis alikuwa daktari pia, na mimi huwa nalisikia hilo ndani ya shairi: ni la mtu ambaye maiti haimshangazi. Mauti anagonga kaburi kwa kisigino na kupiga fidla; mwanamke mwenye cheo anacheza na fundi wa mikokoteni, mfalme anarukaruka karibu na mkulima, na mwishoni shairi linashangilia kifo na usawa kwa pumzi moja. Mwaka 1874 mtunzi aliiondoa sauti ya mwimbaji, akampa fidla kazi yake na okestra yote ikafuata. Kilipigwa kwa mara ya kwanza Paris Januari 1875, Édouard Colonne akiongoza.

Wazo la usawa halikuwa la Saint-Saëns wala la Cazalis. Baada ya tauni kubwa iliyoingia Ulaya mwaka 1347, watu walizoea kumwona Mauti kama mtu anayeshika mkono wa kila mmoja. Kwenye ukuta wa makaburi ya Saints-Innocents, hapo hapo Paris, ulichorwa mwaka 1424 na 1425 msafara mrefu: papa, kaizari, askofu, mfanyabiashara, mkulima, mtoto, kila mmoja akiongozwa na mfu anayecheza. Ukuta huo ulibomolewa mwaka 1669, lakini picha zilikuwa zimeshaenea. Ukizitazama zilizobaki, pamoja na zile za Hans Holbein zilizochapishwa mwaka 1538, utaona jambo moja: wafu ndio wenye furaha. Walio hai ndio wamenuna. Picha zile zilikuwa onyo, ndiyo, na pia zilikuwa kejeli ya maskini kwa wakubwa. Uliposema "hucheka kabisa" nikawaza: huyu amesikia kejeli yenye miaka mia sita bila mtu kumweleza.

Na mzaha mkubwa kuliko yote umefichwa katikati. Kuna wimbo wa zamani wa misa ya wafu, Dies irae, wa karne ya 13, unaohusu siku ya ghadhabu na hukumu. Watunzi waliupenda kwa kutishia: Hector Berlioz aliuweka kwenye sehemu ya mwisho ya Symphonie fantastique mwaka 1830, chini ya kengele nzito, Rachmaninoff alirudi kwake maisha yake yote. Saint-Saëns naye anao. Lakini ameutoa kwenye skeli ya huzuni akautia kwenye meja, skeli ya furaha, na kuupa mwendo wa walsi. Ni kama mtu achukue wimbo wa kusindikizia jeneza aufanye wa harusi, halafu wageni wacheze bila kugundua. Siku nyingine ukisikiliza, subiri pale muziki unapolegea na kuwa laini, pumzi za watu zikirudi. Ndipo wimbo huo unapopita, umevaa nguo za sherehe.

Kwa hiyo jibu la kwanza la "linasema nini kunihusu" ni kwamba una sikio zuri. Najua ulitarajia nizungumzie nafsi, lakini mimi nimefundisha muziki muda mrefu, na nimejifunza kutoharakisha kutoka masikioni kwenda rohoni. Mtu akipenda kazi iliyotengenezwa vizuri, sababu ya kwanza ya kuangalia ni kwamba imetengenezwa vizuri.

Watafiti wamejaribu kuunganisha muziki tunaoupenda na tabia zetu. Uchunguzi unaotajwa sana ni wa Peter Rentfrow na Samuel Gosling wa mwaka 2003. Waliona kwamba wanaopenda klasiki, jazi na muziki wa aina hiyo huelekea kuwa watu walio wazi kwa mawazo na mambo mapya. Huelekea tu. Uhusiano wenyewe ni mdogo, na ukimchukua mtu mmoja mmoja hauna nguvu ya kumtabiri. Hauwezi kumwambia mumeo yeye ameoa mtu wa namna gani. Ameishi na wewe, anajua zaidi ya jedwali lolote.

Kuhusu hofu yenyewe tuna kitu kigumu zaidi cha kushika. Mwaka 2001 Anne Blood na Robert Zatorre, huko Montreal, walichunguza ubongo wa watu 10 waliosomea muziki wakati wakisikiliza vipande walivyovichagua wenyewe, vile vinavyowasisimua mwili. Kadiri msisimko ulivyopanda, sehemu za ubongo zinazohusika na raha na zawadi zilizidi kufanya kazi. Amigdala, ambayo ni kama mlinzi wa hatari, ilipungua. Nywele zinasimama kama za mtu aliyeona nyoka, lakini mlinzi ameshaambiwa apumzike. Hicho, kwa maoni yangu, ndicho kinachokutokea gizani na tabasamu lako.

Mumeo je? Uchunguzi mwingine, wa Nathalie Gosselin, Isabelle Peretz na wenzao wa mwaka 2005, ulihusu wagonjwa waliokatwa kipande cha ubongo upande mmoja, amigdala ikiwemo, kwa ajili ya kutibu kifafa. Walishindwa zaidi kuutambua muziki wa kutisha. Maana yake ni kwamba hofu ya muziki ina njia yake ubongoni, na kwa mumeo njia hiyo iko wazi na inapitika. Hana kosa. Noti zile mbili zimewekwa pale zimshtue, zikamshtua. Tofauti yenu ni kwamba yeye bado yuko mlangoni.

Wewe uliingia ukiwa mtoto, na sasa ni zaidi ya miaka 20. David Huron, aliyeandika sana kuhusu matarajio katika muziki, anaeleza kwamba mwili hushtuka upesi, kabla akili haijapima. Akili ikija na habari kwamba hakuna hatari, ule mpishano kati ya mshtuko na nafuu unageuka kuwa raha. Mwanafalsafa Edmund Burke aliona kitu cha jamaa hiyo mwaka 1757: kitisho kinapendeza pale ambapo hakijatukaribia mno. Ila wewe umepita hata hapo. Unajua noti ya kumi na mbili itafuatwa na nini. Unazima taa makusudi, unamkaribisha Mauti kwa saa unayoitaka wewe, anapiga fidla kwa dakika saba, kisha jogoo anamfukuza. Halafu unamrudisha tena. Watu wengi wana jambo fulani wasiloweza kulipangia saa. Wewe umepata toleo lake linalotii. Sisemi ndilo linalokuvuta, sikujui. Nasema tu kwamba ukitaka kujichunguza, chunguza hapo kwenye kurudiarudia, kwa sababu rangi nyeusi ya muziki wenyewe haitakuambia mengi.

Mimi huwauliza wanafunzi swali moja wanaponiambia wanapenda kipande fulani: ni sekunde gani unairudisha nyuma? Kwa Danse macabre majibu hunishangaza. Yupo aliyesubiri mkwaruzo wa kwanza tu, mengine kwake yalikuwa mapambo. Yupo aliyependa pale ala zinapopokezana lahani ya pili, moja baada ya nyingine, kama uvumi unaopita mtaani. Na mmoja, kijana mcheshi kuliko wote darasani, aliniambia hajali kitu chochote kabla ya jogoo. Anachotaka ni kinachokuja baada yake. Obo, ile ala ya kupuliza inayomwigiza jogoo, imewika, ngoma imevunjika ghafla, na fidla inabaki peke yake na sauti ya kuaga, nyembamba, yenye huzuni ya kweli. Mauti anasikitika kwamba sherehe imekwisha. Hao watatu wanapenda kipande kimoja na hawafanani kwa lolote. Jibu lako la swali hili litakueleza zaidi ya yale ninayoweza kukuandikia mimi.

Kuna jingine linalonifanya niwe mwangalifu na watu wanaosoma nafsi kutoka kwenye muziki. Wapo wanaokisikia kipande hiki na kuamini kwamba mtunzi alikuwa akilia msiba. Saint-Saëns alipata msiba mbaya sana: mwaka 1878 mwanawe mdogo alianguka kutoka dirishani akafa, na wiki sita baadaye mdogo wa mtoto huyo naye akafa kwa ugonjwa. Lakini hiyo ni miaka minne baada ya ngoma ya mifupa. Alimcheka Mauti kabla hajaonja msiba huo. Sasa utadhani baada ya hapo hangeweza tena kuugusa ule mzaha. Mwaka 1886, akiandika Le Carnaval des animaux (kanivali ya wanyama) kwa kufurahisha marafiki, aliichukua lahani ile ile ya mifupa, pamoja na zilofoni yake, akaitia kwenye sehemu ya visukuku, akijicheka mwenyewe na kazi zake za zamani kwamba nazo zimeshakuwa mawe. Sijui mtu angesoma nini rohoni mwake kutokana na hayo, na sidhani anayesema anajua anajua. (Kazi hiyo aliikataza isichapishwe akiwa hai, isipokuwa ile sehemu ya bata maji. Aliogopa watu wasimchukulie kwa uzito. Mzaha wa mauti hakuuogopa. Mzaha wa wanyama ndio uliomtia aibu.)

Ungeniambia kwamba tabasamu limekwisha, kwamba unakisikiliza kwa sababu hupati usingizi, au kwamba kinakuletea mawazo ya kutaka kufa, ningekuomba uache kuniandikia mimi na uzungumze na daktari au mshauri wiki hii hii. Hukusema hivyo. Umesema unacheka, na kwamba unamaliza shughuli zako kwanza.

Kwa mumeo, usimbishie. Mwombe dakika saba, mchana, taa zikiwaka, na umweleze njiani: huyu anajaribu nyuzi, hii ni mifupa, huu ni wimbo wa misa umevalishwa suti, huyu ni jogoo. Asipokipenda, basi. Piano ya Franz Liszt ipo pia. Alikigeuza kwa ajili ya piano mwaka 1876, na huko ule mkwaruzo wa fidla haukati sana. Naona imepoteza uhai mwingi, lakini kwa sikio linaloshtuka huenda ikawa mlango mzuri.

Kwa mwanao, mwekee. Miaka 9 ni umri mzuri kwa kipande hiki. Wewe mwenyewe ulikipata karibu na umri huo. Ila usimzimie taa, na usimwambie mapema kwamba kinatisha, maana mtoto akiambiwa aogope hufanya bidii. Mwambie kuna jogoo mwishoni, kazi yake ni kumkamata anapowika. Na mwanzoni kabisa mpe kazi ya kuhesabu kinubi. Akikuambia zimepigwa 12, muulize hiyo ni saa ngapi. Kwa saa ya Saint-Saëns ni saa sita ya usiku. Lakini naweka dau mwanao atajibu upesi kwamba ni saa kumi na mbili, na kabla hujamsahihisha, kumbuka kwamba kwa hesabu yetu hiyo ndiyo saa ya alfajiri, wakati jogoo anaowikia.